Divai ya Arusi: Ipi Hukaa?

Katika nchi yetu ya Bunyakiri kinywaji cha arusi ni kasiksi, na kasiksi haikai. Ndizi huivishwa, hukamuliwa pamoja na majani, maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku moja au mbili pombe iko tayari. Siku zikipita nyingine tatu au nne imekuwa kali mno, na juma likiisha hata mzee mwenye kiu huitazama mara mbili kabla ya kuinua kibuyu. Kwa hiyo wazee wetu walipokwenda kuposa hawakufikiri hata kidogo juu ya pombe ya kuwekwa akiba. Pombe ilikuwa ya kunywewa yote siku ileile mbele ya mashahidi. Kilichobaki baada ya arusi kilikuwa mbuzi: hao ndio waliokaa, wakazaa, na wakahesabiwa tena siku ya ugomvi.

Basi, desturi ya kuwapa bwana arusi na bibi arusi chupa ya divai, si ya kunywa siku ile bali ya kufunguliwa baada ya miaka mingi, haikutoka kwetu. Hata hivyo imeanza kuingia. Ndugu walio Bukavu huileta, na zaidi wale walio Ubelgiji wanaporudi kusalimu nyumbani. Wengine huiandikia kabisa: ifunguliwe siku ya yubilei ya ndoa, miaka 25. Ndipo watu hutuuliza sisi tuliosoma seminari, kana kwamba huko tulifundishwa mambo ya chupa: je, tununue ipi?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Sufuria mbaya huonyesha ubaya wake mwezi wa kwanza, na kitenge kibaya hufifia kwa kufuliwa mara tatu. Lakini chupa iliyochaguliwa vibaya hukaa kimya. Huwekwa kwa heshima, hufutwa vumbi, huonyeshwa wageni. Halafu, siku mume na mke wanapowaita watoto wao na majirani, kizibo kinatolewa na inatoka siki. Hapo mtoa zawadi pengine amekwisha kufa, na wenye nyumba hawana wa kumwuliza. Ndiyo maana twataka kuwaeleza, wasomaji wapenzi, habari za divai inayokaa, ilianzaje, na kwa nini nyingine haikai.

Tuanze mbali kidogo, lakini tusitoke Afrika. Mwaka 1922 kaburi la mfalme Tutankhamun lilifunguliwa huko Misri. Mfalme huyo alizikwa miaka ipatayo 1300 na zaidi kabla ya Kristo. Kaburini mlikuwa na mitungi ya divai, na juu ya mitungi mlikuwa na maandishi: mwaka gani wa utawala wa mfalme, shamba gani la mizabibu, na jina la mkuu wa watengenezaji. Yaani karatasi ile tunayoiona leo juu ya chupa, yenye mwaka na jina la shamba, Waafrika wa mto Nili waliijua miaka zaidi ya 3000 iliyopita. Warumi nao walisifu sana divai ya mwaka 121 kabla ya Kristo, mwaka wa konsuli Opimius. Plinius, mwandishi wao, aliandika habari zake karibu miaka 200 baadaye, akasema divai hiyo sasa imekuwa nzito kama asali chungu. Mtu aliyeinunua kwa bei kubwa, sijui alifurahi namna gani.

Lakini wengi wa watu wa kale hawakunywa hivyo. Katika Palestina divai ilikaa katika viriba vya ngozi na mitungi ya udongo, na hewa ilipita. Divai yenye hewa huchacha mara ya pili na kuwa siki, kama kasiksi yetu, ila kwa mwendo wa polepole. Kwa hiyo mkuu wa karamu huko Kana ya Galilaya alikuwa na sababu ya kushangaa alipoona divai nzuri imewekwa mpaka mwisho. Mwenye akili aliitoa nzuri kwanza, watu wakiwa bado na ulimi wa kuonja. Mitungi ile sita ya mawe, kila mmoja wa kiasi cha nzio mbili au tatu, yafanya jumla ya lita 500 hadi 700. Na wale wapendao kuhubiri siku ya arusi kwamba divai bora ni ile ya zamani, wakumbuke kwamba ile ya Kana haikuwa na umri hata wa saa moja.

Baada ya dola ya Warumi kuanguka, watu wa Ulaya waliweka divai katika mapipa ya mbao, na kwa karne nyingi divai mpya iliuzwa kwa bei kubwa kuliko ile ya mwaka uliopita. Kilichogeuza mambo ni vitu viwili vidogo. Katika karne ya 17 Waingereza walianza kufua chupa za kioo kigumu kwa tanuru za makaa ya mawe, na kuziziba kwa gome la mti unaoota Ureno na Hispania, gome jepesi linalobana vizuri likilowa. Karne iliyofuata chupa zikanyoshwa, zikaweza kulazwa, na kizibo kikabaki kimelowa siku zote. Basi divai ya kutunza miaka 20, ambayo wengi hudhani ni desturi ya tangu Nuhu, kwa kweli ni mambo ya miaka 300 hivi.

Hapo ndipo zawadi yenyewe ilipozaliwa. Matajiri wa Uingereza walikuwa na desturi ya kumwekea mtoto wa ubatizo pipa zima la divai ya Porto, lita zipatazo 550, ili alikute amekuwa mtu mzima. Huko Shaoxing katika China baba alizika udongoni mitungi ya divai ya mchele alipozaliwa binti, akaifukua siku ya kumwoza. Desturi hiyo ya Wachina yatupendeza kuliko ya Waingereza, maana mtungi udongoni ni kitu ambacho hata mtu wa Bunyakiri aweza kukifanya.

Sasa tuulize: ndani ya divai ni kitu gani kinachoilinda? Ni vitu vinne. Kwanza ukakasi, ule unaokausha ulimi kama chai iliyochemka mno. Hutoka katika maganda ya zabibu nyekundu. Pili uchachu wake wa asili. Tatu sukari, ikiwa nyingi. Nne kileo chenyewe. Divai isiyo na hata kimoja kwa wingi ni ya kunywewa upesi, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya divai yote inayouzwa duniani. Ile ya katoni inayofika madukani kwetu haikutengenezwa ikae hata miaka miwili. Chupa nyingi za bei ndogo zenye jina la Bordeaux ni hivyo hivyo, ijapokuwa karatasi imechorwa ngome ya kifalme. Na shampanye ya kawaida, inayolia kwa kishindo na kupendeza wapiga picha, inywewe siku ya arusi.

Sisi hapa Kivu divai hatukuijua mezani, tuliijua altareni. Na habari zake zatufaa sana katika jambo hili, maana mapadre walikuwa na shida ileile ya mtoa zawadi: wapate divai isiyoharibika mbali na kwao.

Kardinali Lavigerie, alipokuwa Askofu Mkuu wa Alger, alianzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868. Ilikuwa miaka ambayo mdudu mdogo aitwaye filoksera alianza kula mizizi ya mizabibu ya Ufaransa. Mashamba ya Ufaransa yalipokufa, mizabibu ilipandwa kwa wingi Aljeria, na Mapadre Weupe wakalima yao huko Maison-Carrée, kiini cha shirika lao. Mwaka 1895 wakaanza pia shamba kubwa la Thibar katika Tunisia. Kwa hiyo wale waliotuletea Injili walikuwa wakulima wa mizabibu kweli.

Msafara wao wa kwanza kuelekea maziwa yetu makubwa uliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, na wale wa upande wa Tanganyika wakafika Ujiji mapema mwaka 1879. Mizigo yote ilibebwa vichwani mwa wapagazi, miezi na miezi, katika jua na mvua. Katika mizigo hiyo mlikuwamo divai ya Misa. Nguo ikikosekana mtu huvaa ya zamani. Unga ukikosekana hununua muhogo. Divai ikigeuka siki hakuna Misa, maana sheria ya Kanisa yataka divai ya zabibu, safi, isiyoharibika, wala haiwezi kubadilishwa kwa pombe ya ndizi au asali. Padre aliye mbali aliweza kuhesabu vijiko vilivyobaki kama mwanamke anavyohesabu chumvi wakati wa vita.

Dawa ilikuwa nini? Divai tamu na yenye nguvu. Mwaka 1896 Roma ilieleza kwamba divai za namna hiyo, ili zisiharibike, zaweza kuongezwa kileo kilichotoka katika zabibu zenyewe, mradi jumla ya kileo isipite 18 kwa mia. Chachu hufa kileo kikifika karibu na kiasi hicho, na wadudu wafanyao siki hawana nguvu tena. Ndiyo divai waliyokuja nayo mapadre Nyangezi mwaka 1906 na katika misioni zilizofuata, na hata leo sakristia nyingi hupenda divai tamu kwa sababu chupa iliyofunguliwa Jumapili yaweza kungoja Jumapili nyingine.

Hapo pana jambo moja la kando, lakini si la kuachwa. Serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilimkataza Mwafrika pombe kali, na kwa muda mrefu hata divai. Alibaki na bia na pombe za nyumbani. Katazo hilo liliondoka katika miaka ya mwisho kabla ya uhuru wa 1960. Na wakati ule waamini hawakupokea kalisi. Kwa hiyo babu zetu walisikia harufu ya divai tu, wakati padre alipoosha vidole, na mtumishi wa Misa aliyeionja kwa siri aliwaambia wenzake kwamba ni tamu. Ndiyo maana mpaka leo mzee wa kwetu akipewa divai nyekundu kavu ya Ufaransa hukunja uso na kusema imeharibika. Watu humcheka. Sisi hatumcheki, maana katika shauri la kutunza mzee huyo anaelekea ukweli: katika nchi ya joto, tamu na yenye nguvu ndiyo hukaa.

Divai kubwa nyekundu ya Bordeaux, ile ya kweli, yaweza kukaa miaka 30 na kuzidi uzuri. Lakini yataka ghala la chini ya ardhi lenye baridi isiyobadilika, nyuzi 12 au 13 hivi, giza na utulivu. Bunyakiri iko chini kuliko Bukavu, upande wa msitu, kuna joto na mvua nyingi. Nyumba yenye bati saa nane mchana ni tanuru. Divai hiyo itazeeka miaka mitano na kufa, na mtoa zawadi atakuwa ametupa fedha ambazo zingenunua mbuzi wazuri. Divai tamu ya Sauternes yavumilia zaidi kwa ajili ya sukari yake, lakini nayo hupenda baridi. Porto nayo inachanganya watu. Ile iitwayo Vintage, yenye mwaka mmoja mkubwa mbele, imetengenezwa izeeke ndani ya chupa, miaka 20 hata 40, mahali pa baridi. Ile yenye maandishi ya miaka 10 au 20 imekwisha kuzeeka ndani ya pipa. Kuiweka miaka mingi tena hakuiongezei kitu.

Divai ya Dodoma tusiisahau, kwani ni ya jirani zetu. Mizabibu ilipandwa huko Bihawana na wamisionari Waitalia mwaka 1957, na nchi ile huvuna mara mbili kwa mwaka. Ni divai ya kuleta furaha siku ya arusi. Kwa kuitunza miaka 25 hatuwezi kuisifu.

Iko moja ambayo joto haliitishi, kwa sababu imezaliwa katika joto. Ni Madeira, divai ya kisiwa cha Wareno katika bahari ya Atlantiki. Merikebu za karne ya 17 na 18 zilisimama kisiwani kupakia mapipa kabla ya kwenda India na Amerika. Mapipa yalipita chini ya jua la ikweta, yakitikiswa na mawimbi, na yale yasiyouzwa yalirudi. Watu walidhani yatakuwa yameoza. Wakaonja, wakakuta divai imekuwa bora kuliko ile iliyobaki nyumbani. Kwa muda Wareno walipeleka mapipa baharini kwa makusudi, kwenda na kurudi, wakaiita divai ya mzunguko. Baadaye walijifunza kufanya joto hilo nyumbani: nyingine huwekwa katika matangi yenye joto la nyuzi 45 hadi 50 kwa muda usiopungua miezi mitatu, na zile bora huachwa katika mapipa chini ya paa lenye jua kwa miaka mingi. Huongezwa pombe kali ya zabibu, kama divai ya Misa, na uchachu wake ni mwingi sana. Wamarekani walipotangaza uhuru wao mwaka 1776 wakubwa wao walikuwa wanywaji wa Madeira, nao waliitunza hata darini, chini ya paa lenye joto. Ziko chupa za karne ya 19 ambazo hadi leo hunywewa kwa furaha.

Hatusemi Madeira itakua sana ndani ya chupa. Mengi ya kukua kwake imekwisha kuyafanya pipani. Twasema itakaa. Atakayenunua atafute maneno Malmsey au Bual, ambazo ni tamu, na umri wa miaka 10 au zaidi, au neno Colheita pamoja na mwaka. Katika Bukavu si rahisi kuipata. Aagizwe ndugu aliye Ulaya. Na asitafute chupa yenye mwaka wa arusi yenyewe, jambo ambalo wengi hulitaka: divai za kukaa huuzwa baada ya kulala kwanza kwa mtengenezaji, Porto ya Vintage miaka kama miwili, Colheita ya Madeira isiyopungua mitano. Mwaka wa arusi uandikwe kwa mkono.

Kuhusu kuitunza: divai nyingine hulazwa, lakini Madeira husimamishwa wima, kwa sababu nguvu yake hula kizibo. Kizibo kifunikwe kwa nta iliyoyeyushwa. Karatasi ya chupa ifungwe kwa plastiki, maana unyevu na mchwa wa kwetu huipenda. Nyumba ya udongo ni bora kuliko ya matofali ya simenti, na chumba cha ndani ni bora kuliko sebule, hata kama mama mwenye nyumba angependa wageni waione kabatini.

Iko hoja moja kubwa kuliko ya joto, na mtu wa Bunyakiri ataitoa kabla hatujamaliza. Chupa ya miaka 25 itakaaje mahali ambapo watu hawakukaa? Tangu vita vya 1996, mwaka ambao Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba, na vile vya 1998 na mapigano ya makundi yaliyofuata, jamaa zetu wamekimbilia msituni mara ambazo wengine hawawezi tena kuzihesabu. Mwezi wa Februari 2025 M23 waliingia Bukavu, na njia zikajaa tena watu wenye magodoro vichwani. Ndoa zilizofungwa mwaka 1996 zilifikia miaka 25 mwaka 2021. Katika nyumba ngapi ingepatikana chupa?

Hoja hiyo ni ya kweli, wala hatutaki kuirukia. Lakini wenye divai wamepata vita mahali pengine pia. Mwaka 1940 Wafaransa wengi, walipoona Wajeremani wanakuja, walijenga kuta mbele ya ghala zao, wakapaka matope na kuacha buibui wafanye kazi yao. Sisi twajua kuzika. Watu wetu walizika majembe, sufuria na sahani kabla ya kukimbia, na wengi waliporudi walivikuta. Chupa ndani ya mtungi wa udongo uliofunikwa vizuri, katika sakafu ya chumba cha ndani, mahali wanapopajua mume na mke peke yao, iko salama kuliko kabatini, tena ina baridi zaidi. Askari anayetafuta pombe hutafuta ile iliyo mbele ya macho.

Na mwenye uwezo anunue chupa mbili za namna moja. Ya kwanza awape wenye arusi, ya pili wasimamizi wao wa ndoa, waliokaa kijiji kingine au mjini. Juu ya zote mbili aandike majina, siku ya arusi, parokia, na mwaka wa kufungua. Wasimamizi wakumbushwe kwamba ya kwao si yao.